Kuoa, Kuolewa, Kuozwa: Maneno Machache juu ya "Jane Eyre"

Katika Kiswahili mwanamume huoa, na mwanamke huolewa. Mtoto hulijua jambo hili kabla hajafundishwa sarufi, na akikosea wenzake humcheka. Kipo na kitenzi cha tatu, kuoza, ambacho mtenda wake ni mzazi: baba amwoza binti yake, au amwoza mwanawe wa kiume, na yule aliyeozwa, awe mume au mke, hakutenda neno, ametendwa. Kipo na cha nne, kuoana, ambacho watu wawili hukitenda pamoja. Waliotutangulia waliyapanga hivi, wala hatukusudii kuwasahihisha. Lakini mtu asomaye hadithi ya kigeni hali akifikiri kwa Kiswahili hubeba vitenzi hivi vyote pamoja naye, na mara nyingine vitenzi hivi humwonyesha jambo ambalo wenye hadithi hawalioni upesi, maana Kiingereza hutumia kitenzi kimoja tu mahali tutumiapo sisi vinne.

Twataka kukijaribu kipimo hiki katika kitabu kinachojulikana sana na walimu wa Kiingereza, nacho ni Jane Eyre cha Charlotte Brontë, kilichochapwa London mwezi wa Oktoba mwaka 1847. Katika hadithi za Kiingereza zielezazo mwanamke atafutaye kupendwa, na kuijua nafsi yake, na kujitegemea, hii ni katika zilizosomwa zaidi na kubishaniwa zaidi. Wengi huisoma kama hadithi ya mapenzi: msichana maskini, bwana tajiri, siri, msiba, kisha arusi. Wenzetu wa kanisa huisifu kwa sababu ya msichana aliyemkimbia mwanamume ampendaye asije akakaa naye pasipo ndoa. Sifa hizi ni za haki, walakini zaishia katikati ya kitabu. Jane hakatai mwanamume mmoja; akataa wawili, na wa pili wao ni kasisi. Kukataa huku kwa pili ndiko kuliko kugumu zaidi, ndiko kutuhusuko sisi zaidi, na ndiko tunakokupita upesi tunaposomesha.

Kwanza neno moja juu ya mwandishi. Charlotte Brontë alizaliwa mwaka 1816 katika jimbo la Yorkshire, binti wa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Mama yake alikufa mwaka 1821. Mwaka 1824 yeye na ndugu zake watatu wa kike walipelekwa Cowan Bridge, katika shule ya binti za makasisi; mwaka uliofuata wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani hali ni wagonjwa wa kifua kikuu, wakafa wote wawili. Alipokua alifanya kazi ya ualimu, shuleni na katika nyumba za watu, akaijua hali ya mwalimu wa nyumbani, ambaye elimu yake yamtenga na watumishi, na mshahara wake wamtenga na wenye nyumba. Mwaka 1839 kasisi kijana, Henry Nussey, kaka wa rafiki yake, alimposa kwa barua, naye akamkatalia kwa heshima. Kitabu chake alikitoa kwa jina la Currer Bell, jina lisiloonyesha kwamba mwandishi ni mume au mke, kwa kuwa yeye na wadogo zake waliona kwamba vitabu vya wanawake havipimwi kwa kipimo cha haki. Mwaka 1854 aliolewa na Arthur Bell Nicholls, kasisi msaidizi wa baba yake, naye akafa tarehe 31 Machi 1855, hajatimiza miaka 39. Hatusemi kwamba hadithi ni maisha yake. Twasema tu kwamba aliyeandika habari za msichana kumkatalia kasisi hakuandika jambo la kusikia.

Jane wa hadithi ni yatima. Alelewa na Bibi Reed, mke wa mjomba wake, katika nyumba ya Gateshead, na humo akumbushwa daima kwamba yeye ni mtu wa kulishwa kwa huruma. Akiwa na miaka 10 apigwa na mtoto wa nyumba, naye ajitetea. Kwa kosa la kujitetea afungiwa peke yake katika chumba chekundu, chumba alimofia mjomba wake. Baadaye apelekwa Lowood, shule ya mayatima, ambayo mwangalizi wake, Kasisi Brocklehurst, awahubiri watoto juu ya kuunyima mwili, hali mke wake na binti zake mwenyewe wavaa mahameli na hariri. Hapo rafiki yake Helen Burns, msichana mvumilivu asiyelipa uovu kwa uovu, afa kwa kifua kikuu. Jane akaa Lowood miaka 8, miaka 6 mwanafunzi na miaka 2 mwalimu.

Siku moja asimama dirishani hapo Lowood na kuomba uhuru. Aona kwamba ombi hilo ni kubwa mno kwa mtu kama yeye, alipunguza, na mwisho aridhika kuomba utumishi katika mahali papya tu. Hapa Kiswahili chatufaa. Uhuru twausema juu ya mtu asiye na bwana juu yake. Lakini watu wa pwani walikuwa na neno jingine la kulikabili neno mtumwa, nalo ni mwungwana; na uungwana haukuwa kutokuwa na bwana tu, ulikuwa pia heshima, na adabu, na kuwa na jamaa wanaokutambua, hata ikiwa na njaa hutakubali kila kitu. Tukilisoma ombi la Jane kwa neno hili twaona atafutacho. Si kuishi peke yake pasipo mtu wa kumwamuru. Ataka kuwa mwungwana katika nyumba yoyote atakayoingia, iwe ya mwajiri, au ya mume, au ya Mungu.

Akiwa na miaka 18 apata kazi Thornfield, kumfundisha mtoto mmoja kwa paundi 30 kwa mwaka, maradufu ya mshahara wake wa Lowood. Bwana wa nyumba, Edward Rochester, ampenda, na Jane ampenda yeye. Katika mlango wa 23, kabla ya posa, Jane amwambia kwamba umaskini wake na udogo wake havimfanyi kuwa mtu asiye na roho, na kwamba mbele za Mungu wao wawili ni sawa. Maneno haya husifiwa sana, na kwa haki. Lakini yafuatayo katika mlango wa 24 husahauliwa, nayo ndiyo yatuonyeshayo kwamba mwandishi alijua alitendalo. Rochester aanza kumpamba. Ataka kumnunulia hariri na vito. Jane aona aibu, na kila anapozidi kupewa aona kwamba apungua. Akataa. Asema ataendelea kumfundisha mtoto na kupokea paundi zake 30, na mavazi yake atayanunua kwa fedha hizo. Kisha atenda jambo dogo: amwandikia barua ami yake, John Eyre, mfanyabiashara wa kisiwa cha Madeira, kumwarifu kwamba yu karibu kuolewa, akitumaini kwamba siku moja atapata kitu kidogo kilicho chake mwenyewe.

Barua hiyo yamwokoa. Inapofika Madeira, yupo huko Richard Mason wa Jamaica, shemeji yake Rochester, ambaye ajua kwamba Rochester anaye mke. Ami ni mgonjwa. Amwomba Mason aende upesi kuizuia ndoa. Katika mlango wa 26 ndoa yazuiwa kanisani, mbele ya kasisi. Wasomaji wengi huhesabu jambo hili kuwa bahati, au kuwa hila ya mtunga hadithi. Sisi twaona ni hoja. Kama Jane angalikubali kupambwa na kunyamaza, barua isingeandikwa, na angaliingia katika ndoa ya udanganyifu asijue. Tamaa ya kuwa na chake mwenyewe, ambayo wengine waliweza kuiita kiburi, ndiyo iliyomlinda.

Kisha yaja majaribu. Rochester amsihi akae naye. Hana jamaa wa kuaibishwa, wala hapana atakayeumia. Jane ajibu kwamba ajijali mwenyewe, na kadiri asivyo na wa kumtegemeza ndivyo itakavyompasa kujiheshimu zaidi; naye atashika sheria aliyoitoa Mungu. Aondoka usiku akiwa na shilingi 20, hupotewa na mizigo yake garini, alala nyikani, aomba chakula kilichotaka kutupiwa nguruwe. Mambo haya walimu hufundisha vema. Twaongeza neno moja tu. Wapo waliomsoma Jane na kumwona adui wa dini. Elizabeth Rigby, katika gazeti la Quarterly Review la Desemba 1848, alikihukumu kitabu kuwa si cha Kikristo, kwa kuwa aliona ndani yake manung'uniko juu ya hali ambayo Mungu amemwekea kila mtu. Lakini msichana huyu huyu anayenung'unika ndiye aliyeishika sheria katika saa ambayo hapana binadamu aliyekuwapo kumlazimisha. Yatupasa kuuliza kama unyenyekevu tuwafundishao wasichana wetu ungaliweza kubeba mzigo huo, au kama ungaliinama mbele ya Rochester kama ulivyozoea kuinama mbele ya kila mtu.

Sasa twafika kwa kasisi. Jane aokolewa na St John Rivers na dada zake wawili, Diana na Mary. Apewa shule ya kijiji ya wasichana, kwa paundi 30 tena, na nyumba yake ndogo. Katika mlango wa 33 ajulishwa kwamba ami amekufa na kumwachia paundi 20,000, na kwamba hawa watu watatu waliomwokoa ni watoto wa shangazi yake. Tazameni afanyalo kwanza kwa mali hiyo: aigawa mafungu manne yaliyo sawa, paundi 5,000 kwa kila mmoja, na furaha yake ya jamaa yazidi furaha yake ya fedha. Huu ndio uungwana tuliousema. Mtu aliyekuwa hana mtu apata kujitegemea, na tendo la kwanza la kujitegemea kwake ni kujifungamanisha na ndugu.

St John si Brocklehurst. Brocklehurst ni mnafiki, na mnafiki ni rahisi kumkataa. St John ni mtu wa kweli. Huwatembelea wagonjwa katika mvua, hajitafutii mali, ampenda msichana mzuri wa tajiri, Rosamond Oliver, naye aukata upendo huo kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ameitwa kwenda Bara Hindi kuwa mmisionari. Lakini aliyeuchinja moyo wake mwenyewe haoni vibaya kuuchinja na wa mwenzake. Aanza polepole. Amwomba Jane aache kujifunza Kijerumani, ajifunze Kihindustani pamoja naye. Jane akubali, na kila siku aona kwamba akili yake si yake tena. Acheka kidogo, asema kidogo, angoja kupewa ruhusa. Ndipo katika mlango wa 34 amposa. Hasemi kwamba ampenda. Asema kwamba amemchungulia kwa muda mrefu, ameona nguvu na bidii na uvumilivu vifaavyo kwa kazi, na kwamba kumkataa yeye ni kama kumkataa Mungu.

Jibu la Jane lastahili kusomwa na kila mwalimu. Hakatai kazi. Asema yu tayari kwenda Bara Hindi, ijapokuwa aamini kwamba joto la huko litamwua mapema. Atakwenda kama ndugu yake na mtenda kazi mwenzake. Asilokubali ni kwenda kama mke wake. Na St John hakubali lolote ila hilo, kwa kuwa haifai kijana kusafiri na msichana asiye mkewe, na pia, kama Jane aonavyo, kwa sababu mke ni wake wote pia, na ndugu yaweza kuondoka. Posa ya Rochester ilikuwa upendo pasipo sheria. Posa ya St John ni sheria na kazi pasipo upendo. Kwa Kiswahili twaweza kusema hivi: St John hataki kumwoa Jane. Ataka kumwoza kwa kazi, na yeye mwenyewe awe baba na mume kwa pamoja.

Ndugu walimu, hapa kitabu chatugusa. Katika historia ya misheni za Afrika ya Mashariki wasichana wa shule za bweni walitazamiwa kuolewa na walimu na wainjilisti. Wasichana wengi wa Mbweni, Unguja, waliolewa na vijana waliosomeshwa Kiungani, na kazi ya vituo vya bara ilihitaji wake kama hao. Wengi wa wake hao waliishi maisha mema, na kanisa lawadai shukrani. Lakini hitaji la kituo ni hoja yenye nguvu kupita kiasi ikisemwa na mkubwa mbele ya binti asiye na kwao. Mtu akimwambia binti, "Nakutaka," binti aweza kusema sitaki. Akimwambia, "Mungu akutaka," atajibu nini? Jane ajibu kwamba angalikubali kama angalikuwa na hakika kuwa ndiyo mapenzi ya Mungu. Na katika mlango wa 35, baada ya St John kusoma Ufunuo wa Yohana katika sala ya jioni na kumwombea, yu karibu sana na kushindwa. Ndipo asikiapo sauti ya Rochester ikimwita kutoka mbali. Wengi wameilaumu sauti hii kuwa ni mwujiza usio na mahali katika hadithi ya watu wenye akili. Sisi twatazama lifuatalo sauti: Jane ajitenga na St John, amwamuru amwache, apanda chumbani mwake, apiga magoti na kuomba kwa njia yake mwenyewe, isiyo ya St John. Jambo kubwa katika mlango huo si sauti, ni maombi hayo. Mpaka hapo St John alikuwa amejiweka kati ya Jane na Mungu kama mkalimani. Na Jane hamkatai Mungu, amwondoa mkalimani.

Wala asifikiri mtu kwamba alilolitaka Jane, kwenda kazini bila mume, lilikuwa jambo lisilowezekana. Chapa ya pili ya kitabu, Charlotte Brontë aliitolea heshima kwa William Makepeace Thackeray, mwandishi mkubwa wa siku zile. Mwaka 1877, miaka 30 baada ya kitabu kutoka, alifika Unguja Bibi Caroline Thackeray, wa ukoo wa mwandishi huyo, asiye na mume, akaiongoza shule ya wasichana ya Mbweni miaka mingi, akaishi Unguja mpaka kufa kwake mwaka 1926. Alifanya kazi ambayo St John alisema haifanyiki pasipo pete. Na ni katika shule yake yeye, mwanamke asiyeolewa, walimolelewa wake wa walimu. Hatulisemi kwa kumlaumu. Twalisema kwa sababu mambo mawili haya yalikaa katika nyumba moja, na huenda msichana wa Mbweni aliyaona yote mawili.

Jane arudi Thornfield, akuta nyumba imeteketea, mke wa Rochester amejitupa toka darini na kufa, na Rochester mwenyewe, aliyepanda kumwokoa, ni kipofu na amepoteza mkono mmoja. Amfuata Ferndean. Mlango wa 38, wa mwisho, waanza kwa sentensi fupi sana ambayo ndani yake Jane ndiye mtenda wa kitenzi cha ndoa, na Rochester ndiye mtendwa. Kwa Kiingereza sarufi hiyo ni ya kila siku. Kwa mfasiri wa Kiswahili ni mtego. Akiandika kwamba Jane aliolewa, amemrudisha mahali ambapo kitabu kizima kilijitahidi kumtoa. Akiandika kwamba alimwoa, wasomaji watacheka, maana kwetu mwanamume akikaa nyumbani kwa mkewe na kulishwa naye husemwa kwa dhihaka kwamba ameolewa. Na dhihaka hiyo ingemwangukia Rochester kipofu. Akiandika kwamba walioana, amesema kweli juu ya ndoa yao, lakini amelificha tendo la mtu mmoja aliyechagua. Rai yetu ni kwamba aandike kuwa Jane alifunga naye ndoa. Ni neno la kanisa, halina dhihaka, na mtenda wake aweza kuwa mume au mke. Tena lina faida nyingine. Mtoto aliyefungiwa katika chumba chekundu, na mwanafunzi aliyekaribia kufungwa na St John kwa kamba ya wajibu, sasa ndiye afungaye.

Walakini tukimaliza hapa tungekuwa tumekisifu kitabu kupita haki yake. Kina madeni mawili.

La kwanza ni la sheria. Kwa sheria ya Uingereza ya siku zile fedha za mwanamke, asipowekewa hati maalum, zilikuwa za mumewe mara aolewapo. Sheria za mwaka 1870 na 1882 ndizo zilizogeuza mambo hayo. Basi paundi 5,000 zilizompa Jane uwezo wa kwenda Ferndean kwa hiari yake, sheria iliweza kumpa Rochester siku ya arusi, na kitabu hakisemi neno juu yake. Wasomaji wa Lamu na Unguja watastaajabu, maana kwa sheria ya Kiislamu mali ya mke hubaki yake, na mahari ni yake yeye, si ya baba wala ya mume. Katika jambo hili mwanamke wa pwani yetu wa mwaka 1847 alikuwa na haki ambayo Jane hakuwa nayo mara atokapo kanisani.

Deni la pili ni zito zaidi, nalo ni Bertha Mason. Huyu ndiye mke wa kwanza wa Rochester, binti wa tajiri wa Spanish Town katika Jamaica, aliyefungwa katika ghorofa ya tatu ya Thornfield kwa miaka 10 kwa sababu ya wazimu. Rochester aeleza kwamba baba zao ndio waliopatana, kwa kuwa Bertha alikuja na paundi 30,000, na kwamba yeye mwenyewe hakujua alitendalo. Kwa Kiswahili twaona mara moja: Rochester aliozwa, na Bertha aliozwa. Lakini yule wa kwanza apewa milango mizima ya kujieleza. Wa pili hana sentensi moja aisemayo mwenyewe mbele ya msomaji. Jane, kwa haki, amkemea Rochester anaposema habari zake kwa chuki, akisema kwamba hakujitakia wazimu. Neno hilo ni jema, lakini ni dogo. Msichana aliyewahi kufungiwa na kusemwa kama mwenye kichaa angeweza kukaa kidogo mbele ya mlango ule. Jean Rhys, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1890 katika kisiwa cha Dominica, aliona pengo hili, na mwaka 1966 akatoa hadithi yake Wide Sargasso Sea, ambayo ndani yake mke huyu apata jina jingine, utoto, na sauti.

Wala swali la paundi 30,000 si la Bertha peke yake. Utajiri wa mashamba ya Jamaica ulitoka katika kazi ya watumwa. Uhuru wao katika makoloni ya Uingereza ulianza tarehe 1 Agosti 1834, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1833. Na ami aliyemwachia Jane urithi alikuwa wakala huko Madeira wa nyumba ya biashara ya akina Mason wenyewe. Mwandishi alilitaja jambo hili ili barua ifike kwa mtu afaaye, hakulitazama zaidi. Lakini mtoto wa mateka waliookolewa, asomaye katika shule iliyojengwa kwa ajili yao, ana haki ya kuuliza fedha zilizomfanya Jane mwungwana zilitoka mikononi mwa nani. Mwalimu asimnyamazishe. Kujitegemea kwa mmoja kukisimama juu ya kufungwa kwa mwingine, kumepungukiwa, hata akiwa yeye mwenyewe hajui.

Je, madeni haya yakiangushe kitabu? La. Yatupasa kukisoma pamoja nayo. Na tukisomeshe mpaka ukurasa wa mwisho, ambao mwandishi hakumpa Jane wala Rochester. Amempa St John, aliye Bara Hindi, hajaoa, karibu na kufa, akimngoja Bwana wake. Jane amsifu kwa moyo wote. Msichana aliyemkatalia kasisi ndiye anayemwekea heshima kubwa kuliko wote. Na twajifunza kwamba hakuukataa wito wake, wala hakumdharau aliyemwita. Alikataa kuozwa tu.

Binti wa shule zetu akija siku moja na kusema kwamba hataki, iwe ni kwa mwanamume ampendaye pasipo haki, au kwa mtu mwema tuliyemchagulia sisi kwa ajili ya kazi njema, tusianze kwa kumhesabu mwasi. Tumwulize kwanza kama ameomba yeye mwenyewe, kwa njia yake, na kisha tungoje jibu lake.